Kutunza mvule tangu mche mpaka mti mzee: maneno ya seremala wa Jinja

Niseme mapema mimi si bwana misitu. Ni seremala hapa Jinja, Uganda, mvule ndio ulionijengea nyumba na kunisomeshea watoto, milango, vitanda, makabati, mbao zake nimezipiga randa zaidi ya miaka ishirini, na Kiswahili changu nimekitoa kambini maana baba alikuwa mwanajeshi kwa hiyo mkikuta kimechanganyika mnisamehe tu. Kupanda nimeanza 2012, baada ya kuona magogo yanayoletwa karakana yanazidi kuwa membamba kila mwaka mpaka siku moja fundi mwenzangu ananishushia "mvule" ambao kiini hauna, ni ule weupe mtupu unaoliwa na wadudu. Hapo nikajua sasa tumefika kubaya.

Kuna watu huniuliza ati kwa nini tusipande mwaloni kama Wazungu. Mwaloni wa kweli ni mti wa nchi za baridi, Afrika yenyewe ule wa asili unaukuta kaskazini kule, Moroko, Algeria, Tunisia, ukishavuka Sahara kuja huku hakuna. Na ule tunaouita mwaloni wa hariri uliojaa kwenye mashamba ya kahawa ni grivilia, umetoka Australia, undugu na mwaloni hauna hata kidogo. Kazi ambayo Mzungu anaupa mwaloni, yaani mlango wa kanisa, meza ya kurithishana, mashua, sisi tunaupa mvule. Na jina ni la Kiswahili hilohilo, Baganda na Basoga wanasema muvule, wauza mbao wa Ulaya wanauita iroko, wasomi wanaandika Milicia excelsa. Jamaa zake ni mutuba (ule wa nguo za magome), ffene (fenesi) na forosadi, ndiyo maana ukiukwaruza tu unatoa maziwa meupe.

Haya, twende hatua kwa hatua, lakini msitegemee kila hatua iwe na urefu sawa maana nyingine ni maneno mawili na nyingine ndiyo penye matatizo yote.

Hatua ya kwanza: je, mvule utakubali kwako?

Mvule ni mti wa joto na nchi ya chini chini. Busoga, Buganda, Bunyoro, sehemu za Tororo na Lango huko, sawa. Ukishapita mita 1,300 hivi juu ya bahari unaanza kusumbua, kwa hiyo ndugu zangu wa Kabale, Kisoro na Kapchorwa msipoteze sente, pandeni grivilia na miti yenu ya milimani. Halafu udongo usiwe wa kutuamisha maji. Pale mpunga unapokubali, mvule utakataa. Chimba shimo la goti usiku wa mvua, ukikuta asubuhi na mchana bado maji yamekaa, tafuta sehemu nyingine ya shamba.

Hatua ya pili: kabla hujanunua mche, tembea shambani kwako

Hii wengi wanairuka na ndiyo ya bure. Kama kuna mvule jike mkubwa maeneo ya kwenu, popo wanakula matunda yake usiku wanaenda kunya mbegu kila mahali, kwa hiyo miche inajiotea yenyewe kwenye migomba, kwenye kahawa, kwenye uzio, pembeni ya choo. Tatizo ni jembe. Mama anapalilia maharage anaona kamche kamekaa vibaya, chwa, kameenda, na hata hajui amekata nini.

Na hajui kwa sababu mvule mtoto haufanani na mama yake. Majani ya mti mzima ni laini, kingo zake zimenyooka, lakini ya mche yana meno meno pembeni kama msumeno na ukiyapapasa yanakwaruza. Nimeshawaonyesha vijana wawili hivi waliokulia chini ya mvule na wote walibisha. Vunja kipande cha jani uone maziwa, angalia meno, ukisharidhika chomeka mti mrefu pembeni yake uufunge kitambaa chekundu, halafu ita kila mtu anayeshika jembe hapo nyumbani, pamoja na watoto, uwaonyeshe. Kitambaa bila kuwaita watu ni kazi bure, nawaambia kwa kujua.

Faida ya mche uliojiotea ni kwamba mzizi wake haujawahi kusumbuliwa na tayari uko kwenye kivuli ambacho umekichagua wenyewe. Kwangu mimi mitano iliyo mizuri kuliko yote sikuipanda, niliiona tu.

Hata kisiki msikichezee. Mvule mchanga uliokatwa unachipua tena, na mizizi ya mti mkubwa ikijeruhiwa inaweza kutoa machipukizi mbali na shina. Hayo ukichagua moja lililonyooka ukaondoa mengine umepata mti wenye mizizi ya mtu mzima.

Hatua ya tatu: kama lazima uoteshe mwenyewe

Kwanza ujue mvule una dume na jike, miti miwili tofauti. Dume linaning'iniza vitu vyeupe virefu vyembamba kama mikia, jike lina vitu vifupi vinene vya kijani. Ukikaa miaka kumi chini ya dume unangoja mbegu utazeeka hapo.

Tunda linaiva likiwa bado la kijani, ni laini, limekunjamana kama kiwavi mnene, na ndani mbegu ni ndogo ndogo sana. Okota yale yaliyodondoka usiku huohuo, ya wiki iliyopita yameshaharibika. Loweka kwenye ndoo siku moja au mbili, ponda kwa mkono, chuja kwa kitambaa au chujio la chai, zile mbegu zianike kivulini siyo juani. Usiziweke kabatini kungoja mwakani, zinapoteza nguvu haraka, panda wiki hiyohiyo.

Kitalu tumia udongo wa juu wa chini ya migomba uliochanganywa na mchanga, uchekeche, mwaga mbegu kwa kuzitawanya usizirundike, funika kwa vumbi jembamba tu la udongo maana mbegu ndogo ukiizika haitoki. Weka paa la nyasi juu, mwagilia kwa bomba la mvua au tawi la majani, siyo kumimina ndoo. Wiki mbili mpaka nne unaanza kuona. Ikishatoa majani mawili matatu ya kweli hamishia kwenye kavera (mfuko wa plastiki) moja moja, ukiushika kwa jani na si kwa shina, maana shina la mche likibonyezwa halisahau. Ikifika urefu wa rula, sentimita 30, inaweza kwenda shamba.

Kununua pia inawezekana, NFA, mamlaka ya misitu ya taifa, wana kituo cha mbegu za miti Namanve na kuna wauzaji wa barabarani kibao. Ukinunua, chomoa kavera moja uangalie mizizi. Ikiwa imejizungusha chini kama chapati iliyokunjwa, iache, huo mti utakuja kujinyonga wenyewe. Na kagua ncha za juu, nitaeleza ni kwa nini.

Hatua ya nne: kupanda, na hapa ndipo nilipolia

2012 nilinunua miche 60. Nikasafisha nusu eka, nikang'oa kila kitu, nikapanga mistari iliyonyooka kwa kamba kama wanavyopanda kalitunsi (mikaratusi), jua linapiga kote, nikajisifu mpaka nikapiga na picha. Miezi minne ya kwanza mambo safi. Halafu ncha zikaanza kuvimba, vinundu vya kijani kama njegere kwenye majani machanga na kwenye macho ya kuchipua, nikadhani ni matunda jamani! Nikamwambia mke wangu mvule imeanza kuzaa. Baada ya wiki chache vile vinundu vikapasuka, vikaoza, ncha ikawa nyeusi, ikakauka. Mti ukatoa chipukizi lingine pembeni, nalo likavimba. Hivyo hivyo mpaka ikabaki vichaka vya magotini. Mwaka ulivyoisha nilikuwa nimebaki na tisa, na aliyeniuzia miche alikuwa ameniambia ati nipulizie dawa ya nyanya. Nilipuliza. Nilipoteza sente za dawa pia.

Kumbe ni kadudu kadogo kanaitwa Phytolyma, kanataga mayai kwenye ncha laini, mtoto anaingia ndani ya jani, jani linavimba kumzunguka, yeye anakaa humo anakula kwa raha zake, dawa ya kupulizia juu haimfikii. Akishakomaa kinundu kinafunguka anatoka, kuvu zinaingia kwenye kidonda zinashuka na chipukizi. Na ni kadudu ka mvule, maharage hakagusi, kwa hiyo ukipanda mivule 60 mahali pamoja umekafungulia hoteli.

Sasa ile tisa iliyopona ilikuwa wapi? Yote ilikuwa mwisho wa mistari ambako migomba ya jirani inatupia kivuli. Nilikaa pale nikaangalia nikajiona mjinga. Baadaye nikaja kuelewa kwamba watu wa utafiti Ghana wameshalisema hilo zamani, kwamba mche wa kivulini unapata vinundu vichache kuliko wa juani na kwamba mivule michache iliyochanganywa na miti mingine inapona kuliko ile iliyobanana. Wazee wa Busoga nao walikuwa wanaifanya bila kuandika popote, angalia mivule yote mikubwa iliyobaki, iko mmoja mmoja katikati ya kahawa na matoke, nani aliwahi kuona msitu wa mistari ya mvule?

Kwa hiyo panda hivi:

Chagua sehemu yenye kivuli cha nusu tayari, migomba, kahawa, au hata mihogo mirefu kama huna kingine. Kivuli cha nusu maana yake ukikaa hapo saa sita jua linakupata kwa madoa madoa. Giza kabisa nalo halifai, mche utarefuka kama kamba bila unene.

Mvule hadi mvule acha mita 15 au 20, katikati weka miti mingine yoyote, mutuba, musizi, miembe, ffene. Eka moja ukiwa na mivule kumi inatosha sana, usiwe na tamaa kama mimi.

Shimo liwe sentimita 50 hivi kila upande, udongo wa juu weka kulia wa chini weka kushoto, huo wa juu changanya na samadi iliyooza vizuri (mbichi inaunguza na inaita mchwa), rudisha, panda mche kwenye kina kilekile ulichokuwa nacho kwenye kavera. Kavera itoe! Nimeshafukua mche wa mtu uliokuwa umezikwa na kavera yake, miaka miwili.

Panda mvua ikishatulia, siyo ile ya kwanza ya kudanganya. Kwetu huku kusini ni Machi kwenda Aprili, au Septemba kwenda Oktoba, kaskazini wana msimu mmoja mrefu wapande mwanzoni mwake. Weka matandazo ya majani ya migomba kuzunguka, unene wa kiganja, lakini yasiguse shina, acha nafasi ya ngumi, kwa sababu yakigusa unyevu unaozesha gome na mchwa wanapanda. Ndiyo, mchwa. Mbao za mvule mchwa anazikimbia, mche wa mvule mchwa anaula, dunia ndivyo ilivyo.

Na zungushia miba. Mbuzi anaupenda mche wa mvule kuliko unavyoupenda wewe.

Hatua ya tano: miaka mitatu ya kukagua vinundu

Kila Jumapili nikitoka kanisani napita. Kinundu kikiwa bado kimefunga, cha kijani, nakata lile jani au ile ncha kwa kucha, natia kwenye kopo, nachoma. Kikishafunguka umechelewa, mdudu ameondoka, hapo unakata tu sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye kijani kizima. Mti utajibu kwa kutoa machipukizi matatu manne, ngoja yafike urefu wa kidole, acha moja lililo imara na lililonyooka, mengine ng'oa. Ukiyaacha yote utapata kichaka na si mti.

Mche mmoja unaweza kukatwa kichwa hivyo mara tano na ukaja kuwa mti mzuri. Kwa hiyo usikate tamaa ukiona umerudi chini. Ukishapanda juu ukawa mrefu kuliko nyumba, vinundu vinaweza kuwepo bado lakini haviumizi tena kama mwanzo.

Maji mwagilia kiangazi cha kwanza na cha pili, jeri keni moja ya lita 20 kwa wiki, mimina pole pole, ni bora kuliko kikombe kila siku maana kikombe kinafundisha mizizi kukaa juu.

Hatua ya sita: kuufungulia mwanga na kupogoa

Mvule mtoto anataka kivuli, mvule kijana anataka jua. Ukiona umefika urefu wa mtu mmoja na nusu na ncha ni safi, anza kupunguza majani ya migomba upande mmoja, msimu unaofuata upande mwingine. Usifyeke yote siku moja, gome changa linaungua na jua.

Kupogoa sasa, hapa naongea kama seremala. Kila tawi unaloliacha chini ya shina leo ni fundo kwenye ubao wa mjukuu wako. Toa matawi ya chini yakiwa bado membamba kama kidole gumba, wakati wa kiangazi, usivuke theluthi moja ya urefu wa mti kwa mara moja maana majani ndiyo jiko lake. Na kama una vichwa viwili, chagua kimoja mapema, ile panda ikija kuwa nene upepo utaipasua katikati.

Panga weka nyumbani. Tumia msumeno mdogo. Tawi likiwa limeshanenepa usilikate mkato mmoja kutoka juu, litaanguka na kuchuna gome mpaka chini kama mtu anavyomenya ndizi. Kata kwanza kwa chini, kidogo tu, mkono mmoja kutoka kwenye shina, halafu kata kwa juu mbele ya hapo tawi lianguke, kisha kile kipande kilichobaki kitoe kwa mkato wa tatu, nje kidogo ya ule uvimbe wenye makunyanzi pale tawi linapoungana na shina. Huo uvimbe ndio unaoziba kidonda, ukiukata umeuondolea mti plasta yake. Ukiacha kisiki kirefu nacho kitaoza kupeleka uozo ndani.

Usipake rangi wala oili chafu kwenye kidonda, kinajifunga chenyewe. Wenzetu wa Marekani wenye mialoni kuna sehemu wanapaka, lakini wao wana ugonjwa wao wa kuvu unaonyausha mwaloni mzima, wadudu wanaubeba kutoka kidonda kibichi mpaka kingine, ndiyo maana hata hawapogoi majira ya kuchipua. Sisi hatuna huo.

Hatua ya saba: mti mkubwa, adui ni sisi

Ukishakuwa mkubwa mvule hauombi kitu. Unaomba usiguswe. Na hapa nina hasira kidogo.

Misumari: bango la uchaguzi, tangazo la mganga, waya wa nguo, kamba ya ng'ombe iliyozungushwa miaka mpaka ikazama kwenye gome. Mti unazifunika zinaingia ndani, baada ya miaka 30 msumeno wangu unakutana nazo. Lakini hata kidonda chenyewe kina shida yake, maana mvule unatengeneza mawe. Kweli kabisa, mawe. Ndani ya shina, mara nyingi pale palipowahi kuumia, kunajikusanya kitu kigumu kama chokaa, na ni chokaa kweli, kinaweza kuwa kama punje au kama tofali. Kutoka nje huoni chochote. Siku moja nimepasua gogo safi la mteja, katikati msumeno ukalia kama umegonga reli, meno yote yakapukutika, na mbao mbili nzuri kuliko zote zikaenda kuni. (Huohuo uchawi wa chokaa una faida yake lakini, watafiti waliopima udongo chini ya mivule Kodivaa walikuta uchachu umepungua kuliko pembeni, mti pamoja na kuvu na bakteria wanageuza vitu kuwa chokaa ardhini. Kwa hiyo kahawa iliyo chini ya mvule usiionee huruma.)

Moto: Busoga tunachoma matofali kama hatuna akili. Tanuru hatua tano kutoka kwenye shina linaoka mizizi, na mti haufi mwaka huo, unakauka juu taratibu miaka mitatu baadaye halafu watu wanasema umerogwa. Takataka pia zisichomwe kwenye kona za mizizi.

Mizizi: inaenda mbali kupita mwisho wa matawi, na ile ya kunywa na kupumua iko juu juu. Usichimbe msingi hapo, usimwage muram (changarawe nyekundu) kuinua uwanja, usipaki lori, usimwage oili ya gereji. Ukitaka kujenga, simama pale kivuli cha saa sita kinapoishia, rudi nyuma hatua chache, anzia hapo.

Gome: watu wanalichukua kwa dawa na siwezi kuwakataza, ila mwenye kuchukua achukue kipande kama kiganja upande mmoja, aache miaka kipone. Akilizungusha shina lote mti umekwisha, chakula hakishuki tena kwenye mizizi. Na kama mti wenu ni wa misambwa, yaani mizimu ya ukoo, muulize mzee wa ukoo kabla hujapeleka hata ngazi pale, mivule mingi iliyopona huku kwetu imepona kwa sababu ya hofu hiyo na mimi siichekei.

Hatua ya nane: kujua mgonjwa na mzima

Kiangazi mvule unaweza kupukutisha majani ukabaki mtupu. Mwanzoni nilikimbia na jeri keni. Kwangua gome la kijiti kwa kucha, ukiona kijani na maziwa, uko hai, umepumzika tu, ngoja mvua. Ukiona kahawia kavu, jaribu chini zaidi.

Dalili za kukutia wasiwasi ni hizi: matawi ya juu kabisa yanakufa huku ya chini mazima (hapo shida iko kwenye mizizi, jiulize nini kilichimbwa au kuchomwa), uyoga mgumu kama rafu unaota kwenye kitako cha shina, gome linaloachia lenyewe, udongo uliopasuka upande mmoja na mti umeanza kulala. Gonga shina kwa mgongo wa panga, likilia kama ngoma kuna uwazi. Uwazi peke yake siyo hukumu ya kifo, mivule mingi mizee iko wazi ndani na imesimama, lakini uwazi pamoja na uyoga pamoja na nyumba iliyo chini yake, hapo ita mtu anayejua kupanda na kamba apunguze uzito wa matawi ya upande wa nyumba. Usijaribu mwenyewe, na usikubali kijana wa pawasoo (msumeno wa injini) anayekuja na boda bila hata kamba.

Hatua ya tisa: kukata, na karatasi

Mbao nzuri ni miaka 50 na zaidi, kwa hiyo mimi yangu sitaikata, sijidanganyi. Lakini atakayekata ajue mvule ni kati ya miti inayolindwa, kwa Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 hata ukiwa shambani kwako unaenda kwa afisa misitu wa wilaya kwanza upate kibali, na kusafirisha mbao nako kuna karatasi zake. Anayekuja usiku na pawasoo akikupa pesa taslimu mkononi, jua anakupunja mara mbili, kwenye bei na kwenye kesi itakayobaki na wewe. Na fundi atakayezipasua avae barakoa, vumbi la mvule linawasha ngozi na linabana kifua, mimi miaka kumi ya kwanza nilijifanya mwanaume na sasa nikipanda ngazi mnanisikia.

Kitu cha mwisho, miti yenu iandikeni. Chora shamba kwenye karatasi hata kama huna mkono wa kuchora, weka alama kila mvule uliko, andika mwaka uliopandwa au ulioonekana, na unene wa shina kwa tepu ya fundi nguo, usawa wa kifua, mara moja kila mwaka. Wanangu wawili wako Kampala hawajui hata mpaka wa shamba unaishia wapi, siku nikiondoka mtu atawaambia "hako kamti kanasumbua tu migomba." Kwa hiyo nimechora, mivule 23 sasa hivi, mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, amegonga muhuri wake pale chini bila mimi kumwomba, alicheka lakini akagonga, na ile karatasi iko kwenye sanduku moja na hati za kiwanja, juu kabisa, ndani ya kavera ili isilowe.